Upinde wa Mvua Haupimi Kidole

Kila Juni inapokaribia, rafu za bidhaa za Pride, yaani maadhimisho ya wapenzi wa jinsia moja na wenzao yenye alama ya upinde wa mvua, katika maduka makubwa ya Marekani zinazidi kuwa fupi. Target iliondoa baadhi ya bidhaa hizo mwaka 2023 baada ya wafanyakazi wake kutishwa, na mwaka 2024 ikaziweka katika baadhi tu ya matawi yake. Wachambuzi wa biashara hawakukawia kutoa hukumu: mtindo umepita, soko limechoka na upinde wa mvua. Wakati huohuo, kwingineko vitu vya rangi hizohizo vinashikwa kama silaha. Mei 2023 maofisa wa Malaysia waliingia maduka ya Swatch wakatwaa saa 172 za Pride. Agosti saa hizo zikapigwa marufuku, na Novemba 2024 Mahakama Kuu ya Kuala Lumpur ikaamuru zirudishwe kwa kuwa zilichukuliwa bila hati. Januari 2024, mjini Nizhny Novgorod nchini Urusi, mwanamke mmoja alipewa siku tano za mahabusu kwa ajili ya herini zenye rangi za upinde wa mvua. Basi tunaambiwa mambo mawili kwa mpigo: pambo hili halina tena mnunuzi, na pambo hili laweza kutikisa dola.

Wanaosema hivyo na wanaosema vile wamekwama mahali pamoja, kwenye rangi. Dai la makala hii ni kwamba pambo jumuishi, lile linalotengenezwa kwa mkono kwa ajili ya wapenzi wa jinsia moja, wapenzi wa jinsia zote mbili, watu waliovuka jinsia (ambao jinsia yao si ile waliyoandikiwa walipozaliwa) na wengineo wa jamii ya LGBTQ, huwa jumuishi au hukosa kuwa hivyo mezani pa sonara: kwenye kipimo cha pete, urefu wa mkufu, madini yanayoingia sikioni, mahali tundu la kidani linapotobolewa. Rangi nayo ina kazi yake, na tutaona kwamba hata hiyo rangi ina hesabu ambazo kiwanda hakikuwahi kuzipiga. Kinachoondoka rafuni ni bangili ya kawaida iliyopakwa rangi sita. Kutokana na kuondoka kwake huwezi kujua lolote kuhusu mtu ambaye bangili ile haikupita mkononi tangu mwanzo.

Aliyekulia pwani hahitaji somo refu kuhusu vazi linalosema. Kanga yenye jina la mafumbo humfikia jirani kabla mvaaji hajafungua mdomo, na mvaaji akiulizwa anaweza kujibu kwamba alipenda maua tu. Mapambo ya LGBTQ yalianza kwa lugha ya namna hiyo. Mwaka 1970 kundi la Gay Activists Alliance la New York lilichagua herufi ya Kigiriki lambda kuwa alama yake. Ikavaliwa kama kidani kidogo, na mpita njia asiyejua aliona herufi tu. Miaka hiyohiyo wanawake wapenzi wa wanawake walianza kuvaa shoka la makali mawili. Bendera ya upinde wa mvua ilikuja baadaye, Juni 1978, San Francisco, kwa mkono wa Gilbert Baker na wenzake waliotia rangi vitambaa wenyewe. Baker hakuifanya kuwa mali yake ya kibiashara, na ndiyo maana leo kiwanda na fundi wa nyumbani wanaitumia bila kumwomba mtu ruhusa. Ukarimu huo ndio uliofungua mlango wa bidhaa za bei rahisi tunazozizungumzia.

Chukua pembetatu ya pinki, kwa sababu inaonyesha jinsi tundu moja linavyobeba maana nzima. Katika kambi za Wanazi wanaume walioshitakiwa kwa kupenda wanaume walishonewa pembetatu hiyo ncha ikitazama chini. Katika miaka ya 1970 wanaharakati waliichukua iwe yao, na mwaka 1987 bango la Silence = Death (ukimya ni kifo), lililotumiwa sana na kundi la wanaharakati la ACT UP wakati wa janga la UKIMWI, likaigeuza: ncha juu. Sasa mpe fundi kipande cha fedha cha pembetatu ya pande sawa. Akitoboa tundu moja kwenye kona, kidani kitaning'inia kona hiyo ikiwa juu, hataki anataka, na amekwisha kutengeneza alama ya 1987. Akitaka ncha chini, yaani kumbukumbu ya kambi, anahitaji matundu mawili kwenye kona mbili za upande wa juu, au tundu moja katikati ya upande huo, milimita mbili hivi kutoka ukingoni ili madini yasichanike. Wateja wapo wa aina zote mbili, na wengine hawaitaki alama ile kabisa. Kiwanda huchagua tundu lililo rahisi kwa mashine. Maana za alama huhama, wala hilo si geni kwetu: kwa akina mama wengi wa pwani shoga ni rafiki wa kike wa karibu, na neno hilohilo mtaani hutupwa kama jiwe.

Bendera ya Baker ya mwanzo ilikuwa na mistari minane: pinki iliyokoza, nyekundu, chungwa, manjano, kijani, feruzi, nili na zambarau. Pinki iliondoka kwanza kwa sababu kitambaa cha rangi hiyo hakikupatikana kwa wingi kiwandani. Mwaka 1979 feruzi nayo ikaondolewa ili mistari igawike sawa pande mbili za nguzo za taa ilikotundikwa, na nili ikawa buluu. Rangi sita tunazozijua ni matokeo ya duka la vitambaa na nguzo za taa za barabarani. Kwa fundi wa shanga kisa hiki kina uchungu wa pekee, maana pinki bado ndiyo rangi inayokimbia. Kioo cha pinki cha kweli hupata rangi yake kwa chembe za dhahabu, kwa hiyo ni ghali; shanga nyingi za pinki na zambarau zinazouzwa kwa bei nafuu ni kioo kisicho na rangi kilichopakwa au kutiwa rangi ndani ya tundu. Jasho, manukato na jua huzila. Ukimfumia mtu bangili ya bendera ya wapenzi wa jinsia zote mbili, ya pinki, zambarau na buluu, kwa shanga za namna hiyo, baada ya miezi michache ya kuivaa kila siku kinachobaki ni buluu na kitu cha kijivu, yaani zaidi ya nusu ya bendera imefutika. Kipimo chake ni rahisi na kila fundi anapaswa kukifanya kabla ya kununua kilo: shanga kumi kwenye kikombe cha dawa ya kuondoa rangi ya kucha hadi asubuhi, kisha zisuguliwe juu ya pamba nyeupe, shanga nyingine kumi zibandikwe dirishani wiki mbili, nusu yake zikifunikwa kwa karatasi. Pamba ikipata rangi, au nusu ya dirishani ikipauka, shanga hizo ni za pambo la siku moja na mteja aambiwe hivyo.

Bendera hiyo, aliyoibuni Michael Page mwaka 1998, ina mtego mwingine. Mistari yake mitatu haiko sawa: pinki inachukua asilimia 40, zambarau 20, buluu 40. Ukiingia sokoni utakuta bangili chungu nzima zilizogawa rangi tatu sawasawa, na aliyeitengeneza hana habari. Kwenye fremu ya kufumia hesabu yake ni safu kumi: nne, mbili, nne. Bendera ya watu waliovuka jinsia, aliyoibuni Monica Helms mwaka 1999, nayo ni safu kumi, mistari mitano ya safu mbilimbili: buluu hafifu, pinki, nyeupe, pinki, buluu hafifu. Helms aliipanga iwe sawa juu na chini ili isiweze kupeperushwa vibaya. Kwa mapambo huo ni ubunifu wa thamani kuliko wabunifu wengi wanavyotambua, kwa sababu bangili huzunguka mkononi na herini hugeuka. Upinde wa mvua ukigeuka zambarau inakuwa juu, lakini hii ya Helms haina juu wala chini.

Tukae kidogo kwenye fremu, kwa maana hapa ndipo maneno matupu huisha. Shanga za Kijapani za umbo la mcheduara, zile za namba 11, zina upana wa milimita 1.6 na urefu wa tundu wa milimita 1.3, na gramu moja hubeba kama 200. Bangili ya rangi sita, kila rangi safu mbili, inataka safu 12, hivyo nyuzi za mtande, zile zinazotandwa kwa urefu wa fremu, ni 13, moja zaidi ya safu. Wenye busara huongeza uzi kila ukingo kwa sababu ndiko msuguano ulipo. Upana unatoka kama milimita 16, au 17 ukihesabu nyuzi. Kwa urefu wa sentimita 15 unahitaji mistari 94, jumla shanga 1,128, yaani 188 za kila rangi, ambazo hazifiki gramu moja. Pakiti ya gramu tano ya kila rangi inatosha bangili tano. Ukitumia shanga za mviringo za bei ya chini, ambazo nyingine ni nene na nyingine nyembamba, ukingo utakuwa na mawimbi na rangi zitapindana. Itabidi uzichambue moja moja, na pengine shanga moja kati ya tano utaitupa. Kosa la kawaida zaidi ni kuvuta uzi wa mshindio, ule unaokatisha, kwa nguvu. Bangili inakunjamana katikati kama kiuno, na hakuna pasi ya kuinyoosha. Kazi nzima ni saa nne hadi tano za mikono iliyozoea. Anayetaka ile bendera ya Daniel Quasar ya 2018, yenye mkuki wa rangi tano ubavuni, akumbuke kwamba kwenye safu 12 mkuki huo unakuwa ngazi ya mraba-mraba. Bila safu 24 heri asianze.

Madini nayo yana ukaidi wao. Titani hupata rangi bila kupakwa kitu: unakifunga kipande kwenye upande chanya wa umeme wa mkondo mmoja, unakitumbukiza kwenye maji ya magadi, na utando mwembamba unaojijenga juu yake hucheza na mwanga. Kila volti ina rangi yake. Kwa makadirio, zambarau huja karibu na volti 25, buluu 30, dhahabu kama 60, pinki 75, kijani kupita 100. Uso wa kipande na mchanganyiko wa maji husogeza namba hizo kidogo. Kinachoshangaza wanaoanza ni kwamba nyekundu haipo. Utando huo hautoi nyekundu ya kweli kwa volti yoyote, kwa hiyo anayekuuzia pete ya titani yenye upinde wa mvua kamili bila rangi ya kupaka amekuuzia pinki kwa jina la nyekundu. Kwa upande wa pili, pinki, zambarau na buluu za bendera ya Page zinatoka kwenye titani kana kwamba zilibuniwa kwa ajili yake, tena pinki hii haifi kwa jua. Rangi zaidi ya moja kwenye kipande kimoja huanzwa na volti kubwa, sehemu nyingine zikiwa zimefunikwa. Kisha unafunua na kushuka chini, kwa sababu volti ndogo haiwezi kubadili utando uliokwisha kujengwa na kubwa. Alama ya kidole yenye mafuta hubaki kama doa la kudumu. Na volti 100 za mkondo mmoja zinaua, kwa hiyo glavu za mpira si pambo.

Sasa vipimo, ambako ndiko dai la makala hii linasimama au kuanguka. Kabati za pete duniani zimepangwa kwa jinsia mbili. Pete nyembamba zenye vito hutengenezwa kwa wingi kuanzia saizi ya Kimarekani ya 5 hadi 9. Pete pana na nzito huanza 8 au 9 kwenda 13. Mwanamke aliyevuka jinsia mwenye kidole cha saizi 12 anataka pete nyembamba yenye kijiwe, anaambiwa hakuna. Mwanamume aliyevuka jinsia mwenye saizi 6 anataka pete pana ya fedha, anaonyeshwa kabati la akina dada. Hata ungepaka upinde wa mvua kabati zote mbili, watu hawa wawili wanatoka dukani mikono mitupu. Kwa fundi anayekata madini mwenyewe tatizo hili ni mstari mmoja wa hesabu: urefu wa kipande ni kipenyo cha ndani, jumlisha unene wa madini, zidisha kwa 3.14. Saizi 6 ina kipenyo cha milimita 16.5, kwa fedha ya unene wa 1.5 unakata milimita 56.5. Saizi 12 ni 21.4, unakata 72 kasoro kidogo. Anayesahau kujumlisha unene anapata pete iliyopungua karibu saizi mbili, na hilo ndilo kosa linalojaza makopo ya fedha chakavu ya wanafunzi. Pete ikizidi upana wa milimita 6 iongezwe robo hadi nusu saizi, kwa sababu inashika nyama nyingi zaidi. Kidole kipimwe jioni, mikono ikiwa na joto, na kipimwe kwenye kifundo pia: wenye vifundo vikubwa na shina jembamba hawataki pete kubwa, wanataka shanga mbili ndogo za fedha zilehemiwe ndani ili pete isizunguke.

Angalia pia jozi ya ndoa. Ndoa za jinsia moja ni halali Uholanzi tangu 2001, Afrika Kusini tangu Novemba 2006, na Thailand, ambayo Bangkok na Chanthaburi zake ni vituo vikubwa vya vito duniani, tangu tarehe 23 Januari 2025. Orodha nyingi za maduka bado zinauza jozi ya "yake na yake" kwa maana ya pana ya mume na nyembamba ya mke. Fundi anaweza kuchukua utepe mmoja wa fedha wa milimita 130 kwa 4 kwa 1.5, wenye uzito wa gramu 8 hivi, akaukata mara moja akapata zile pete mbili za saizi 6 na 12 nilizozitaja, na bado akabaki na milimita moja na nusu ya msumeno na tupa. Madini mamoja, vidole viwili. Lakini macho hudanganya: upana wa milimita 4 huonekana mnene kwenye kidole kidogo na mwembamba kwenye kikubwa, kwa hiyo wanaotaka zifanane kwa macho wapewe 4 na 5. Wanaotaka zifanane kwa rula wapewe 4 na 4. Ni swali la kuuliza, na mashine haiulizi.

Bangili isiyofunguka ndiyo mfano ambao msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa, maana kila nyumba ina shangazi aliyevalishwa bangili kwa povu la sabuni. Kipimo chake ni mzingo wa kiganja mahali papana zaidi, dole gumba likikunjwa ndani, ugawe kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 20 unatoa kipenyo cha milimita 64, ambacho ndicho dukani huitwa kikubwa. Mzingo wa 24 unataka 76, na kwa waya wa milimita 3 unakata 248. Mikufu ni vivyo hivyo: ule wa sentimita 40 unaoandikwa kwamba unafaa wote humkaba mwenye shingo nene, na unakaa juu ya kikoromeo, mahali ambapo baadhi ya wanawake waliovuka jinsia wanataka pafunikwe na wengine wasipende paguswe. Kiendelezo cha sentimita 7 chenye pete ndogo kila sentimita moja ni senti chache za waya. Herini ziwe na toleo la kubana kwa wasiotoboa, na uzito usizidi gramu 10 kwa sikio. Kuhusu nikeli, madini yanayowasha ngozi ya baadhi ya watu, kanuni ya Umoja wa Ulaya inaruhusu itoke mikrogramu 0.2 tu kwa sentimita ya mraba kwa wiki kwenye kijiti kinachopita tunduni, na 0.5 kwenye pambo linalogusa ngozi. Alpaka inaitwa fedha sokoni, lakini ni shaba, nikeli na zinki. Isipite sikioni mwa mtu.

Hoja za upande wa pili ni za uzito tofauti, na ya kwanza ni nzito kweli. Bangili ya kiwandani ni rahisi. Kijana wa mji mdogo wa Ohio au Poland aliiokota rafuni kwa bei ya soda, hakuulizwa jina, na kwa mara ya kwanza aliona rangi zake mahali pa hadhara. Saa tano za fundi haziwezi kushindana na hilo, na anayedharau rafu ile amesahau alivyokuwa na miaka 15. Jibu langu ni la nusu: fundi anapaswa kuwa na kazi ya dakika 15 pia, shanga sita za milimita 4 za rangi isiyofutika kwenye uzi wa nta wenye fundo la kuteleza, linalopanuka kwa mkono wowote. Hoja ya pili ni kwamba suluhisho ni kutengeneza kila kitu kwa ajili ya wote, bila jinsia. Inapendeza mpaka uone kinachouzwa kwa jina hilo: pete pana, tupu, ya kijivu, inayoanzia saizi 9. Ni kabati la wanaume lililobadilishwa kibao. Anayetaka maua, lulu na dhahabu kwenye kidole cha saizi 12 bado hajajibiwa, wala anayetaka pete nzito kwenye kidole cha 6.

Hoja ya tatu inatoka kwa wavaaji wenyewe: pambo linaloonekana linaweza kumponza mtu. Uganda, sheria ya 2023 inaadhibu kile inachokiita kukuza mapenzi ya jinsia moja kwa kifungo cha hadi miaka 20. Kenya na Tanzania zina vifungu vya kanuni ya adhabu vilivyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni. Fundi wa Berlin au Toronto anayetuma mzigo kwa Mswahili wa Kampala hawezi kujifanya hajui. Hapa ufundi unarudi kwenye lambda ya 1970. Pete inaweza kuwa tupu kwa nje na kubeba mawe sita ya milimita 1.5 upande wa ndani, yakiwa yamezamishwa sawa na uso wa fedha; ukanda usiwe mwembamba kuliko milimita 2, la sivyo ncha ya jiwe inaweza kutokea upande wa pili. Mawe hayo, kwa kweli, yote yanaweza kutoka ardhi ya Tanzania: spineli nyekundu ya Mahenge, spesatini ya chungwa ya Loliondo, yakuti ya manjano ya Tunduru, tsavoriti ya kijani ya Mererani, yakuti ya buluu ya bonde la Umba na tanzaniti kwa zambarau. Tanzaniti iwekwe mwisho kabisa, baada ya moto wote kuisha, na isioshwe kwa mashine ya mtikisiko, maana hupasuka kwa joto la ghafla. Wale wanaopenda pete yenye mawe mzunguko mzima waambiwe mapema kwamba haipanuliwi wala kupunguzwa. Nusu duara ya mawe inaacha nusu ya kukata, na vidole vya mtu hubadilika kwa umri na uzito.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo iliyobeba dola nzima mgongoni: kwamba herini za rangi sita ni uenezi wa itikadi. Mwenye kuitoa analazimika kueleza rangi hizo zinaanzia wapi kuwa kosa. Bangili za shanga za rangi nyingi zimejaa masoko ya Arusha na Nairobi, na hakuna anayeziuza kwa sababu ya San Francisco. Mahakama ya Urusi haikuweza kupima chochote kwenye herini zile, si uzito, si madini, si maandishi. Ilihukumu mpangilio wa mwanga, kwa nguvu ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo wa Novemba 2023 ulioita harakati isiyo na ofisi wala kadi ya uanachama kuwa ni ya msimamo mkali. Kesi ya Malaysia ilianguka kwa utaratibu tu, sawa, lakini saa 172 zilikaa ghalani mwaka mmoja na nusu bila kushindwa kuonyesha saa. Na kuna kejeli ndani yake: serikali zinazokamata rangi zinawafundisha mafundi kurudi kwenye alama zisizoonekana, ambazo hakuna askari atakayezisoma.

Kinachofuata kwa anayetaka kuifanya kazi hii ni kubadili fomu ya oda kabla ya kununua shanga. Kipimo cha kidole, kifundo na kiganja, bila kisanduku cha me au ke. Jina la kuchorwa ndani ya pete, ambalo mara nyingi silo lililo kwenye kadi ya benki, kwa hiyo risiti na mchoro visichukuliwe kutoka sehemu moja. Mchoro uanze mbali na kiungo cha lehemu, ili siku pete ikipanuliwa msumeno usipite katikati ya jina. Jina la kuandikwa juu ya kifurushi, na nani atakayekipokea mlangoni. Mteja mwingine atajaza nafasi hii ya mwisho kwa neno moja, mama, na fundi anayejua kazi yake ataandika juu ya bahasha: bangili moja ya shanga, bila jina la duka.